Nimepewa sampu ya bure, mume wangu anaogopa mafuriko. Niikubali?

Shikamoo mshauri,

Nina tangi dogo la matumbawe sebuleni. Kwa ndani lina urefu wa sentimita 60, upana 35 na kimo 40, na maji huishia sentimita 3 chini ya ukingo. Ukitoa mawe na mchanga, nakadiria maji yenyewe ni lita 60 hivi. Tunaishi ghorofa ya tatu, nyumba ya kupanga. Nafuga samaki wawili wa anemoni, wale wa rangi ya chungwa wenye mikanda myeupe, kamba mmoja msafishaji, konokono kadhaa, na matumbawe laini: zoanthidi, matumbawe uyoga, na moja la ngozi ambalo hufunguka taratibu kila taa zinapowaka.

Afya yao hainipi wasiwasi. Samaki wanakula vizuri na zoanthidi zimeshaanza kupanda jiwe la pili. Kinachoninyima raha ni kwamba tangi halitulii. Kila siku hupungua karibu lita nzima kwa kukauka, nami hujaza kwa jagi kila jioni, maji yaliyosafishwa yasiyo na chumvi. Lakini kazi yangu ni ya safari. Nikiondoka siku tatu, mume wangu huwalisha samaki ila maji hagusi, anaogopa kuharibu. Nikirudi, rifraktomita, kile kipima chumvi, inasoma karibu 37 badala ya 35. Naitreti nayo, ile taka inayobaki majini kutokana na chakula na kinyesi, imepanda hadi 20 ingawa nabadilisha maji kila wiki. Juu ya maji kuna utando kama wa mafuta. Na ndani ya tangi hita inaonekana, pampu inaonekana, nyaya zinaning'inia. Mgeni akiingia huona mitambo kabla ya kuona samaki.

Kwenye chama chetu cha wafugaji wa matumbawe, wakongwe wote wana sampu, lile tangi la pili la chini linaloficha mitambo. Wananiambia tangi lisilo na sampu si tangi la matumbawe, na kwamba nisahau kabisa Acropora, tumbawe gumu ambalo ndilo ndoto yangu. Sasa rafiki yangu mmoja amehamia tangi kubwa na ananipa sampu yake ya zamani bure: lita 40, vyumba vitatu, na pampu yake ya kurudisha maji. Shida ni kwamba tangi langu halina tundu. Ama nilitoboe, yaani nitoe kila kitu, ama nitundike kisanduku cha kufurishia maji ukingoni.

Mume wangu hataki hata kusikia. Ananiuliza, "Maji yakishuka kwa jirani usiku wewe ukiwa safarini, nitamwambia nini mwenye nyumba?" Kabla hatujaoana aliwahi kupasukiwa na bomba la nyumbani akapoteza vitu vingi, kwa hiyo kwake maji si jambo la utani. Mimi naona ananirudisha nyuma. Yeye anaona nimeshikwa masikio na watu wa chama. Tumefika mahali pa kununiana. Rafiki naye anataka jibu, la sivyo atampa mtu mwingine.

Nishauri tafadhali.

Niko Njia Panda

*

Marahaba, mwanangu. Pole kwa mvutano huo wa nyumbani, na hongera kwa zoanthidi zinazotembea zenyewe kutoka jiwe hadi jiwe. Matumbawe hayafanyi hivyo kwa mtu asiyeyatunza, na ukumbuke hilo kila mtu wa chama atakapokwambia tangi lako bado si tangi.

Nikisoma barua yako naona umeuliza maswali kama matano ukayafunga katika fundo moja linaloitwa sampu. Kuna chumvi inayopanda ukisafiri. Kuna naitreti. Kuna utando, na mitambo inayokukera macho. Kuna Acropora. Halafu kuna mume anayelala na hofu. Fundo hilo tulifungue, kwa sababu sampu inatibu baadhi ya hayo, na mengine haiyagusi kabisa.

Kwa msomaji asiyeijua: sampu ni tangi la pili linalokaa chini ya lile la maonyesho, kwa kawaida ndani ya kabati. Maji hufurika juu kupitia mdomo maalumu, hushuka kwa bomba kwa uzito wake yenyewe, hupita kwenye vyumba vyenye hita, kichujio cha povu (kinachotoa uchafu kwa mapovu) au mwani, kisha pampu huyasukuma kurudi juu. Hakuna zaidi ya hapo.

Kuhusu lile neno la wakongwe, nalipinga kwa upole. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Indonesia aliandika jinsi alivyofuga matumbawe kwa kutumia mawe hai yaliyotoka baharini, mwanga, na mapovu ya hewa ya kusukuma maji. Kazi kubwa ilifanywa na bakteria waliomo ndani ya mawe, wale wanaogeuza amonia kuwa naitriti na naitriti kuwa naitreti. Bakteria hao unao tayari, wamekaa kwenye mawe yako. Wakongwe wako hawakudanganyi kwamba sampu ni chombo kizuri. Ila wengi wao, nadhani, wana matangi ya lita mia tatu na zaidi, na ushauri wa tangi kubwa ukishushwa kwenye lita 60 hauji na sababu zake zote.

Tuje kwenye chumvi, maana hapa ndipo nadhani umeweka tumaini lisilokuwa na msingi. Maji yanayokauka huondoka peke yake, chumvi hubaki. Ukiwa na lita 60 kwenye 35 na zikapotea 3, chumvi inafika 36.8, ndicho ulichokisoma kwenye rifraktomita. Sasa chukua sampu iongeze lita 25 za maji: jumla 85, zipotee zile 3, unapata 36.3. Umepona kidogo. Lakini sampu nayo ina uso wake wa maji unaokauka, na maji yanayoporomoka bombani hukauka zaidi. Zikipotea lita 4 badala ya 3, umefika 36.7. Umehamisha nusu ya sebule ili uishie karibu palepale. Kinachotuliza chumvi ni kurudisha maji yaliyokauka kadiri yanavyokauka, na kazi hiyo hufanywa na kifaa cha kujaza chenyewe: kihisio kidogo ukutani mwa tangi, pampu ndogo, na ndoo ya maji yasiyo na chumvi. Kinafanya kazi kwenye tangi lenye sampu na lisilo na sampu vilevile.

Kifaa hicho nacho kina hatari yake, na nakuomba uifikirie kwa kalamu na karatasi. Kihisio kikikwama, pampu itamwaga ndoo yote. Tangi lako lina eneo la sentimita 60 kwa 35, kwa hiyo kila sentimita moja ya maji ni lita 2.1, na zile sentimita 3 zilizo wazi juu zinabeba lita 6.3. Ukiweka ndoo ya lita 4 tu, hata ikimwagika yote hakuna tone litakalogusa sakafu. Chumvi itashuka hadi karibu 33, haitapendeza, lakini hilo ni jambo la kurekebisha taratibu, si la kulia. Na lita 4 zinatosha safari yako ya siku tatu. Hakikisha mdomo wa mpira wake unakaa juu ya maji, usizame, maana ukizama maji ya tangi yanaweza kuvutwa kurudi kwenye ndoo.

Naitreti ni hadithi nyingine inayofanana. Watu husema maji mengi huyeyusha uchafu, na ni kweli kwa siku za mwanzo. Lakini chakula unachotia ni kilekile. Ukiendelea kubadilisha lita zilezile kila wiki, mwishowe naitreti itapanda hadi kiwango kilekile, tofauti ni kwamba kwenye maji mengi imechukua muda mrefu zaidi kufika. Kinachoishusha ni kuondoa zaidi au kutia kidogo. Ungebadilisha lita 9 kwa wiki badala ya, tuseme, 6? Yule anayelisha ukiwa safarini, umempimia chakula kwenye visanduku vya siku, au anakadiria kwa mkono wa mtu anayewaonea huruma? Simlaumu, wanaoachiwa samaki wote hulisha kwa huruma. Na sponji ya kichujio chako inaoshwa lini? Ingawa, nisikufiche, kwa matumbawe laini 20 si maradhi. Zoanthidi zako zimekwambia hivyo zenyewe.

Basi sampu inafaa kwa nini? Inafaa sana kwa vitu ambavyo umevitaja haraka haraka kana kwamba ni vidogo. Mdomo wa kufurishia hukata maji ya juu kabisa, kwa hiyo utando hupotea na hewa huingia vizuri. Hita na kichujio vinaondoka mbele ya macho. Maji ya juu hayapandi wala kushuka, kupungua kote huonekana kwenye chumba cha pampu chini. Unapata nafasi ya kichujio cha povu chenye ukubwa wa maana, au chumba cha mwani kama Chaetomorpha, unaokua kwa kula naitreti na fosfeti kisha unaukata na kuutupa; huko ndiko naitreti hushuka kwa kweli, kwenye mwani unaotoka, wala si kwenye lita zilizoongezeka. Na hita ikikwama ikiwa imewaka, lita 85 huchemka polepole kuliko 60, pengine ukafika nyumbani kabla mambo hayajaharibika. Kupenda tangi lionekane safi si anasa ya kuonea aibu. Tangi ni la kutazamwa, na ukilitazama kwa raha utaliona mapema likianza kuugua.

Ila ujue pia kwamba utando unaweza kuondolewa kwa kuelekeza pampu juu hadi uso wa maji utetemeke, au kwa kichujio kidogo kinachonyonya juu. Nyaya zinaweza kupita nyuma ya kioo cheusi. Kipo pia kisanduku cha nyuma, kinachotundikwa au kugawanywa ndani ya tangi lenyewe, kinachoficha hita na sponji bila maji kushuka hata hatua moja chini ya tangi. Kinakula nafasi na hakiongezi maji mengi. Kwa ghorofa ya tatu, nakiona ni njia ya kati inayostahili kuangaliwa kabla hujaipita.

Sasa hofu ya mume wako. Umeiandika kama ukaidi, lakini swali lake ni la kiufundi kabisa na lina majibu. Maji ya sampu humwagika kwa njia mbili, na zote zinapimika.

Ya kwanza ni umeme kukatika. Pampu ikisimama, maji ya tangi la juu huendelea kushuka mpaka usawa ufike chini ya mdomo wa kufurishia, na bomba la kurudisha maji nalo huvuta kinyume mpaka mdomo wake upate hewa. Mdomo huo wa kurudishia ukiwa sentimita 4 chini ya uso, zitashuka lita 8.4 na yaliyomo bombani. Sampu ya lita 40 inayotembea na lita 25 ina nafasi ya 15, kwa hiyo inatosha, mradi usije ukaijaza zaidi siku moja kwa kupitiwa. Chora mstari kwa kalamu isiyofutika. Ukiuweka mdomo sentimita moja tu chini ya uso, maji yanayoshuka yanapungua sana. Kuna wanaotoboa kitundu cha kuingiza hewa kwenye bomba, au kuweka valvu ya upande mmoja. Kitundu huzibwa na mwani, valvu hukwamishwa na chumvi na konokono wachanga. Vitumie kama nyongeza tu. Nafasi tupu ya sampu ndiyo ya kutegemea.

Ya pili ndiyo mbaya zaidi, na wengi hawaipimi. Konokono akiziba bomba la kushukia, pampu haijui. Itaendelea kusukuma kila kilichomo kwenye chumba chake mpaka kikauke. Chumba hicho kikiwa na lita 8 na tangi la juu lina nafasi ya 6.3, karibu lita 2 zitakuwa sakafuni. Kikiwa na lita 5, tangi litajaa, pampu itakohoa hewa, na sakafu itabaki kavu. Kuna pia uwezekano wa kuweka bomba la pili la dharura. Haya yote yanajaribiwa mchana, mkiwa wawili, taulo mkononi: zima pampu mtazame, kisha ziba bomba kwa makusudi mtazame.

Ndiyo maana kile kisanduku cha kutundika ukingoni kinanitia wasiwasi kwa nyumba yako. Kinategemea maji kuvutwa juu ya kioo ndani ya bomba lililopinda. Mapovu yakijikusanya humo, hasa mtiririko ukiwa mdogo au umeme ukikatika na kurudi, mvuto hukatika na pampu ya chini inaendelea kupandisha. Wapo wanaovitumia miaka mingi salama. Mtu anayesafiri, juu ya nyumba ya jirani, mimi ningesita.

Kutoboa ni salama zaidi baadaye na kugumu zaidi sasa. Kioo kilichoimarishwa kwa joto hakitobolewi, hupasuka chote vipande vidogo, na mara nyingi matangi huwekewa kioo hicho chini. Mwangaza wa skrini ya kompyuta ukitazamwa kupitia kioo cha tangi kwa miwani ya jua ya polaroidi huonyesha madoa na mistari ya giza kioo kikiwa cha aina hiyo. Itabidi wanyama wahamie kwenye chombo chenye hita na mzunguko wa maji, mawe yabaki yamelowa muda wote. Ni kazi ya siku nzima, na mahali pa kuharakisha hapana.

Kuhusu Acropora, mwanangu, sitakuvunja moyo. Lakini matumbawe hayo yanachodai ni mwanga mkali, mtiririko wenye nguvu, na alkalini isiyoyumba, yaani uwezo wa maji kuzuia asidi, mathalani 8 kwa kizio cha dKH leo na 8 kesho, kalsiamu miligramu 400 hadi 450 kwa lita, magnesiamu 1250 hadi 1350. Tumbawe gumu likianza kukua hunywa alkalini na kalsiamu kila siku, na kwenye lita 60 au 85 yote mawili yatahitaji kurudishwa kila siku. Sampu inakupa mahali pa kuweka mirija ya kutilia vipimo hivyo. Haivipimi. Swali la kujiuliza ni kama ratiba yako ya safari iko tayari kwa tumbawe la namna hiyo, na kama sivyo, kuna matumbawe magumu yenye subira zaidi, ya jamii ya Euphyllia, yanayoweza kukufundisha njia ukiwa bado unasafiri.

Nije kwa mume wako tena, kwa sababu kuna kitu hukukiandika ila kimo katika barua. Ukiwa safarini, mlinzi wa hilo tangi ni yeye. Pampu ikinyamaza saa nane za usiku, atakayeamka ni yeye, na hajui hata kama kunyamaza huko ni kubaya. Mtu aliyewahi kuona vitu vyake vikielea hawezi kutulizwa kwa kuambiwa wakongwe wote wanayo. Pengine angetulizwa kwa kuonyeshwa mstari wa kalamu, kwa kujua swichi ipi izimwe kwanza, kwa kuziba bomba kwa mkono wake mwenyewe na kuona maji yanaishia wapi. Na pengine hata baada ya hayo yote atasema bado hapana. Je, uko tayari kulisikia jibu hilo bila kuliita kurudishwa nyuma? Nawe je, umeshamwambia kwa nini unalipenda hili tangi, au mmeongea habari za sampu tu?

Rafiki yako usimweke roho juu. Mwambie ukweli: unaitaka, hujui kama utaifunga. Akikubali kukupa hivyo, ijaze maji bafuni uiache siku mbili tatu uone kama silikoni ya zamani inavuja, na upime kabati lako kwa ndani, maana kichujio cha povu lazima kiweze kutolewa kwa juu bila kubomoa kitu. Lita 25 za maji ya chumvi ni zaidi ya kilo 25 kabla ya kioo chenyewe, kwa hiyo tazama pia miguu ya kabati. Na hata isipofungwa, chombo cha lita 40 hakikosi kazi kwa mfugaji: cha kuchanganyia maji mapya ya chumvi, au cha kumtenga samaki mgeni kabla hajaingia kwa wenzake. Akimpa mtu mwingine kabla hamjakubaliana nyumbani, sampu nyingine zitakuja, watu huhamia matangi makubwa kila wakati.

Anza na kifaa cha kujazia maji ukipenda, au usianze na chochote mpaka mmekaa wawili na rula na karatasi. Kisha niandikie vipimo vya kabati na unene wa kioo, nami nitazame hesabu pamoja nanyi.